Picha ya Agosti, kapu la Aprili: kisa cha hisa za shamba letu Arusha

Jumamosi ya tarehe 11 Mei 2024, kapu la sita, dada mmoja wa kundi letu alitoa nyanya kwenye kapu lake akaigeuza akakuta unyasi mkavu umenata pale kwenye kikonyo. Mtu mwingine angeutoa akaendelea na mambo yake, ila huyu dada aliwahi kuuza nyanya sokoni Kilombero, hapa hapa Arusha mjini, na anajua vizuri nyasi kavu zinatoka wapi, zinatoka kwenye tenga, nyanya zikipangwa kwenye tenga lazima zitandikiwe nyasi zisichubuke njiani, na nyanya iliyochumwa shambani ikaja mjini ndani ya kapu la ukindu haina sababu yoyote ya kuwa na nyasi. Akaipiga picha akaituma kwenye group la WhatsApp na maneno matatu tu, "Hii ya wapi?" Hapo ndo moto ulipowaka.

Naandika hiki kisa chote kuanzia mwanzo kwa sababu watu wengi siku hizi wananiuliza wafanyeje kuanzisha kundi la hisa za shamba kama letu, na kila nikieleza kwa mdomo naishia kusimulia ugomvi wa nyanya peke yake, wakati nyanya ilikuwa ni pale kidonda kilipopasukia tu, usaha ulianza mbali. Mimi ndo nilikuwa mweka hazina na kiukweli ndo nilikuwa mwanzilishi, kwa hiyo mkiona lawama nyingi zinaniangukia mimi msidhani najinyenyekeza, ndivyo ilivyokuwa.

Tulikuwa kaya 18 za Arusha mjini, wengi Sakina na Njiro, na mkulima mmoja wa Arumeru huku juu kwenye miteremko ya Meru, mama mtu mzima ambaye wote tulimuita mama shamba na hapa nitamuita hivyo hivyo. Kila kaya inalipa 12,000 kwa wiki, wiki 12, jumla 144,000. Nusu unalipa Februari kabla hata jembe halijagusa udongo, nusu nyingine Mei. Kila Jumamosi asubuhi kirikuu inashuka na makapu 18, inashusha kwenye baraza ya nyumbani kwangu, kila mtu anapitia lake. Huchagui. Unakula kilichopo shambani wiki hiyo, basi.

Wazo lenyewe sikulitoa kichwani. Wajapani, hasa akina mama wa mijini, walianza kitu kama hiki miaka ya 70 wakakiita teikei, walikuwa wanaogopa madawa kwenye chakula wakaamua kuingia makubaliano na wakulima moja kwa moja. Marekani mashamba ya kwanza ya mtindo huu yalianza 1986, moja Massachusetts na lingine New Hampshire, huko watu wananunua hisa ya mavuno kabla ya msimu, shamba likizaa wanakula wote na likipata hasara wanaumia wote. Niliposoma hayo nikajisemea hii si ni mchezo tu wa akina mama umevaa gambuti, sisi tunacheza mchezo kila mwezi, tuna vikoba, tutashindwaje na mboga? Kumbe kufanana na mchezo ndo kitu pekee ambacho sikuwaeleza watu vizuri.

Shamba la mama shamba si kubwa, ekari moja na kidogo, juu kuna migomba na magimbi na miparachichi, chini kuna matuta ya mboga. Maji ni ya mfereji, wenye mashamba wanapeana zamu, na zamu yake ikiangukia usiku anaamka na tochi na jembe anaenda kufungua maji na kanga imefungwa kiunoni. Mbegu za mnafu alizonazo ni zile za majani mapana zilizotokana na kazi ya watafiti wa pale Tengeru, na ngogwe zake nyeupe ndefu nadhani mnazijua, Tengeru White, mmea mmoja unachumwa miezi. Huyu mama anajua kulima. Hilo liwe wazi, maana kwenye group kuna watu walifika hadi kusema hajui kulima.

Sasa picha. Agosti 2023 nilipanda kwake na shemeji yangu kununua maharage, nikakuta amepanga mavuno kwenye turubai chini ya mgomba: karoti, hoho, nyanya zimeiva zinang'aa, ngogwe, loshuu, mchicha, parachichi, mbaazi mbichi. Nikapiga picha. Picha nzuri sana, jua la saa nne, kila kitu kina rangi. Januari nilipoanza kutafuta watu ndo niliyoituma kila mahali. "Hisa za shamba, chakula cha msimu kutoka Meru, kinachumwa Ijumaa unakula Jumamosi." Watu 18 walipatikana ndani ya siku nne. Hakuna aliyeuliza picha ni ya lini na mimi sikusema. Sikuwa na nia ya kudanganya hata kidogo, nilikuwa na picha moja nzuri nikaitumia, ila ukikaa ukafikiri, nilikuwa nauza Agosti kwa watu ambao wangeanza kula Aprili.

Halafu ikaja ya nyanya. Nilimpelekea mama shamba orodha ya vitu ambavyo watu wangependa, akaisoma taratibu, miwani puani, akafika kwenye nyanya akacheka. Akaniambia mwanangu, nyanya masika ni kamari. Akanieleza habari ya ugonjwa wa ukungu unaoitwa baka jani chelewa, baridi na unyevu vikikutana wiki moja tu shamba zima linaonekana kama limemwagiwa maji ya moto. Na akaniambia pia habari ya kantangaze, yule mdudu ambaye hapa kwetu aligundulika kwanza Ngabobo, Ngarenanyuki, mwaka 2014, yaani kwa majirani zake kabisa, akawafilisi watu ambao walikuwa wanategemea nyanya tu. Huyo anapenda zaidi kiangazi, kwa hiyo mwenye nyanya masika anapigana na ukungu na kiangazi anapigana na kantangaze. Mimi nikambembeleza. Nikamwambia mama, kapu bila nyanya haliuziki mjini, mtu wa mjini akipika bila nyanya anajiona amefilisika. Akanyamaza kidogo halafu akasema haya, hela ni zenu.

Kwenye ile nusu ya kwanza, 1,296,000, zilizokwenda kwenye nyanya ni 340,000: mbegu chotara, dawa za ukungu, vijiti vya kusimikia na vibarua. Zaidi ya robo ya hela ya watu kwenye zao ambalo mwenye shamba mwenyewe alishasema ni kamari. Mpaka leo nikikumbuka hiyo sentensi ya "hela ni zenu" naona aibu.

Kapu la kwanza lilikuwa Aprili 6, Jumamosi ya mwisho ya Ramadhani, na mambo yalikuwa matamu. Magimbi, ndizi mshale, mnafu, majani ya maboga, ngogwe, parachichi nne. Waislamu wa kundi walifurahi kuliko wote kwa sababu magimbi ya futari mjini yalikuwa bei juu wiki zile, jirani yangu alinipigia usiku kuniambia gimbi linachambuka kama mkate. Kapu la pili pia lilienda vizuri, watu wakatuma picha za mtori.

Halafu mvua. Mnakumbuka masika ya 2024, ile ya El Nino, Aprili 25 aliyekuwa Waziri Mkuu, Majaliwa, alilieleza bunge kwamba watu 155 wameshapoteza maisha nchi nzima kwa mafuriko na maporomoko. Nalitaja hili kwa sababu nikisoma tena meseji za group letu za wiki hiyo hiyo nakuta watu wazima na mimi nikiwemo tunabishana kuhusu wingi wa mchicha. Kwa mama shamba maji hayakubomoa nyumba, nashukuru, ila karoti zilioza ardhini, hoho zikadondosha maua, na nyanya zikafanya vile vile alivyosema. Tarehe 27 nilipanda nikaziona, majani meusi yananing'inia, matunda yana madoa ya kahawia kama yamechomwa na pasi, harufu yake siisahau. Ila majani ya mboga, jamani, majani yalikuwa yanaota hadi njiani. Mnafu, mchicha, figiri, majani ya kunde, majani ya maboga. Kapu la tatu majani, la nne majani, la tano majani.

Manung'uniko yalianza kwa utani. Kaka mmoja akaandika "leo tena tunaenda malishoni", watu wakacheka. Wiki iliyofuata hakuna aliyecheka. Mwalimu mmoja, mtu mpole kabisa, aliandika kitu ambacho kilinikaa: alipita Kilombero Ijumaa jioni, fungu la mnafu ni shilingi 300, mafungu mawili unapewa kwa 500, sasa sisi tumelipia 12,000 tuletewe mnafu? Nikamjibu maneno mengi kuhusu ubichi wa mboga na madini ya chuma na kumsaidia mkulima mdogo. Sikumjibu swali lake. Swali lake lilikuwa hesabu na mimi nilimjibu mahubiri.

Na nyanya zilikuwa zinakuja. Kapu la tano na la sita yote yalikuwa na nyanya sita sita, nzuri, ngumu, wakati mimi mwenyewe nilishaona shamba limekufa. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri labda kuna tuta lilipona. Kiukweli sikutaka kuuliza, nilikuwa nimechoka na group na zile nyanya zilikuwa zinaninunulia amani. Ndo ukaja ule unyasi.

Jumapili nikapanda. Nimekuta anachambua maharage ya mbegu kwenye ungo, shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu, chai imeletwa, na mimi sijui nianzie wapi, yeye akaanza mwenyewe. Alinunua Tengeru, soko la Jumatano, sado 8,000, sado tatu kila wiki kugawa makapu 18. Hela yake. Mara mbili, 48,000 kutoka mfukoni kwa mtu ambaye nyanya zake zimekufa. Nikamuuliza sasa mama kwa nini hukuniambia? Akasema, mwanangu, mgeni anakuja unamuwekea sahani haina mboga? Mlinilipa kabla. Nilikuwa naona aibu kila kapu likiondoka.

Mwenye kumuita mama huyu tapeli, na kwenye group neno hilo lilitumika, ajue alitapeliwa 48,000 na tapeli mwenyewe akiwa ndo anazilipa.

Lakini sitaki kumsafisha kupita kiasi. Alikosea na nilimwambia hivyo kwa adabu. Watu walilipia kujua chakula chao kimetoka wapi, hicho ndo kitu pekee ambacho Kilombero haina, na siku nyanya ya Tengeru ilipoingia kwenye kapu kimya kimya kikaharibika kitu hicho hicho. Baada ya hapo watu walianza kuyatilia shaka hadi magimbi. Kapu la saba, Mei 18, lilikuja bila nyanya hata moja na likiwa na fungu la ziada la figiri, na ndo siku ambayo watu watano waliniambia hawalipi nusu ya pili.

Kesho yake, Jumapili ya Mei 19, tukaitisha kikao hapo hapo barazani. Mama shamba alishuka mwenyewe, amevaa vizuri, kitenge chake cha sherehe, hakukubali kukaa kwenye kiti mpaka watu wote wakae. Nilitegemea kelele. Alichofanya ni kuweka mezani daftari la kaunta ambalo sikujua kama analo, kila shilingi imeandikwa, samadi ya ng'ombe tripu mbili, kibarua wa kupalilia, mbegu, na mbele ya mstari wa nyanya za sokoni ameandika "za kwangu". Daftari likazunguka mikono yote. Yule mwalimu akalisoma kurasa zote, akavua miwani akasema mama, sisi hatukukudai nyanya, tulidai kuambiwa. Nadhani hapo ndo kikao kiliishia, ingawa tulikaa masaa mawili mengine.

Sasa tuje kwenye uchambuzi wenyewe, maana hapa ndo watu wananielewa vibaya wakidhani tatizo lilikuwa mawasiliano tu. Hapana. Yule mwalimu na mnafu wake wa 300 alikuwa sahihi, na mimi nilichelewa kuona kwa nini. Baada ya kikao nilianza kwenda Kilombero kila Jumamosi na kapu langu, napiga bei kila kitu kilichomo kama vile nakinunua pale siku hiyo, na makapu ya nyuma nikayakadiria kwa kuwauliza mama wawili wauza mboga ninaowaamini. Makapu mawili ya kwanza yalikuwa na thamani kama ya 13,000 kila moja. Kuanzia la tatu hadi la nane, 7,500. Kuanzia la tisa, Juni, maharage mabichi na mahindi ya kuchoma yalipoingia, kama 13,500. Ukijumlisha yote 12 unapata 125,000 na mtu amelipa 144,000. Kila kaya ilipoteza 19,000. Sio mapenzi ya mkulima mdogo wala nini, hesabu ni hiyo.

Na sababu iko wazi ukishaiona. Chakula cha msimu maana yake ni chakula ambacho kila mtu anacho wakati mmoja na wewe. Masika kila mwenye kijibustani nyuma ya nyumba ana mchicha, hata asiyepanda unaota wenyewe, kwa hiyo sokoni majani yanauzwa bei ya bure, na kilicho bei juu ni kile ambacho mvua imekiua, nyanya na karoti na hoho. Kapu la shamba la masika kwa hiyo linakupa vya bei rahisi na linakunyima vya bei ghali, lazima, haliwezi kufanya vingine kama ni la kweli. Unalipwa lini? Unalipwa kiangazi. Julai mpaka Septemba wenye vijibustani wamekaukiwa, fungu la mnafu linakuwa dogo kama shada la harusi na bei imepanda, na hapo mwenye mfereji ndo mfalme.

Sisi msimu wetu ulikuwa wiki 12. Aprili 6 mpaka Juni 22. Yaani tuliwaingiza watu kwenye upande wa hasara tupu, kisha tukafunga hesabu wiki ambayo faida ilikuwa inaanza kuingia. Hii namba 12 niliitoa wapi? Nilisoma mashamba ya ughaibuni wanahesabu msimu kwa wiki, nikaona wiki 12 ni kama miezi mitatu, inagawanyika vizuri, watu hawaogopi. Wenzetu kule wana msimu mmoja wa kulima kabla baridi kali haijafunga kila kitu, kwa hiyo hisa moja inabeba wingi na uhaba ndani yake. Sisi tuna masika, kipupwe, kiangazi, vuli, ukikata kipande kidogo unaweza kukata kipande chenye mifupa mitupu, na nilikikata mimi.

Kingine ni jinsi watu walivyoielewa ile hela. Nimezungumza na karibu wote, na wengi kichwani walikuwa wamenunua LUKU. Unalipa, unapewa namba, unaingiza, umeme unawaka kwa kiasi ulicholipa, usipowaka unampigia mtu simu umgombeze. Hisa ya shamba haiko hivyo, iko kama kikoba, mwenzako akifiwa mfuko unaguswa na wewe unaumia kidogo, na hakuna anayesema ameibiwa kwa sababu siku ya kwanza kabisa mlikaa mkasomeana katiba. Sisi hatukusomeana kitu. Tulitumiana picha. Mzee mmoja Njiro, marehemu baba yake alikuwa na kahawa, aliniambia toka mwanzo kwamba akisikia neno hisa na neno mkulima pamoja anashika mfuko, nikamcheka, kumbe alikuwa ndiye pekee aliyeelewa kwamba anaingia kwenye kitu chenye hatari, na cha ajabu mzee huyo huyo hakulalamika hata siku moja. Alikuwa ameshakubali kupoteza.

Tulichobadilisha. Saba waliondoka mwisho wa Juni, wakiwemo watatu kati ya wale watano waliogoma, na hao watatu hatukuwadai, kuwafukuzia tungetumia vocha zaidi ya deni. Tukabaki 11 tukaamua kuendelea wiki 14 mfululizo mpaka Septemba 28, ili mzunguko mzima uwe wiki 26 na mtu aonje pande zote mbili. Kila Alhamisi usiku mama shamba anatuma vois, dakika moja, anasema shambani kuna nini na kapu litakuwa na nini. Hizo vois zimekuwa burudani, unasikia mbuzi nyuma, unasikia mjukuu anaulizwa "hebu kaangalie kunde zimekomaa?" halafu tunasubiri wote ajibiwe. Cha kununuliwa hakiingii kwenye kapu, kama anapita Tengeru na mtu anataka nyanya anamuagiza kwa bei ya soko, inakuja kwenye mfuko wa pembeni na jina. Na pale barazani tukaweka beseni moja kubwa, usichokipenda unakiacha humo unachukua cha mwenzako. Hili beseni limefanya kazi kuliko katiba. Kumbe nusu ya ugomvi wa figiri ilikuwa nyumba mbili ambazo watoto hawali figiri.

Na kuna mama mmoja wa Shinyanga kwenye kundi, mkimya, wiki zile za majani matupu yeye hakuandika kitu. Kwenye kikao akauliza kwa nini tunalalamika majani ni mengi wakati jua litakuja? Akatufundisha nsansa. Majani ya kunde unayachemsha kidogo, unayaanika yakauke kabisa, unahifadhi, Septemba unayarudisha na karanga. Nilianika kwenye bati la banda la kuku, siku mbili za jua la Juni lenye mawingu, ikawa siku nne. Mara ya kwanza niliyatoa mapema yakaota ukungu kwenye kopo nikayamwaga kimya kimya, mara ya pili yalikauka hadi yanalia kama karatasi. Kule kwao hiki si kitu cha ajabu, ndo namna ya kula masika wakati wa kiangazi, na viazi vitamu wanafanyia hivyo hivyo, michembe vikikatwa vibichi na matobolwa vikichemshwa kwanza. Sisi wa huku kwenye migomba tumezoea kijani mwaka mzima tukasahau kwamba mboga ina likizo.

Kiangazi kilikuja kama kilivyotakiwa. Niliendelea na tabia yangu ya kwenda Kilombero na kapu, nadhani wale mama wananiona kichaa, na wastani wa makapu 14 ulikuwa 14,500. Yaani 203,000 kwa aliyelipa 168,000. Ukiunganisha na masika, wiki 26, mtu amelipa 312,000 akala vya 328,000. Faida ya 16,000 kwa nusu mwaka. Nimeshaambiwa hiyo ni soda na chipsi, na ni kweli, mwenye kuingia kwenye hisa za shamba ili aokoe hela akanunue tu sokoni jioni wakati wauzaji wanataka kwenda nyumbani. Tulichopata cha zaidi ni mbaazi mbichi za Julai, ambazo sokoni hupati zilizochumwa jana, dada mmoja mwenye asili ya Tanga alizipika na nazi akatuita kaya tatu, na mama shamba alipata hela Februari, mwezi ambao zamani alikuwa anakopa kwa riba kununua mbegu na kulipa kwa mazao shambani. Hilo la mkopo aliniambia Agosti tu, nikiwa nimeshamjua mwaka mzima.

Agosti hiyo hiyo nilimkuta tena ametandika turubai chini ya mgomba, karoti, hoho, nyanya za kweli, na jua ni lile lile la saa nne. Nikatoa simu. Akaniambia piga, ila andika tarehe. Sasa kila picha ninayowatumia watu wanaotaka kujiunga iko na mwenzake, moja ya Agosti na moja ya Mei, na ya Mei ni mlima wa majani mabichi yenye tope na kambale mmoja wa mfereji ambaye mjukuu wake alisisitiza awemo.

Kati ya wale saba, wanne wameomba kurudi, wengine waliomba Agosti hiyo hiyo baada ya kuona makapu ya wenzao. Kikao kilikataa, ukirudi unarudi Februari uanze na masika kama wengine. Mimi nilikuwa upande wa kuwaruhusu, nikashindwa kwa kura. Wamerudi watatu. Zile nyanya za masika hatujapanda tena, ingawa kuna kaka mmoja kila Januari anauliza.

Ambalo hatujalitatua ni makapu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 nilijua lazima tutumie kitu cha kurudi, tukanunua makapu ya ukindu 36, mawili kwa kila kaya, moja linakuja na moja linarudi. Mpaka leo nikihesabu napata 32. Mama shamba kila Alhamisi mwisho wa vois yake anayataja, na wenye nayo wanajijua.